Siku Niliyobebwa na Miguu Ninayo

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula mashelisheli. Mchele uliadimika madukani, tukala shelisheli la kuchemsha asubuhi, shelisheli la nazi mchana, na la kukaanga jioni, mpaka mgeni akipiga hodi tunajua hakuja kula, amekuja kuuliza kama sisi tunacho chengine (na hatuna). Nautaja mwaka kwa shelisheli kwa sababu tarehe mie sizijui, chuoni nilifika juzuu ya tatu nikaozwa, na tena ni ganda la shelisheli ndilo lililonitelezesha. Aibu ninayoieleza ni yangu. Sikusingiziwa. Anayetaka kucheka acheke, ila afike mwisho kwanza, kama kicheko atakuwa nacho bado.

Mie nina mjukuu anaitwa Haji, mtoto wa marehemu mwanangu, nimemlea mgongoni mpaka akawa mrefu kuliko mlango. Haji ni dresa, msaidizi wa tabibu, katika gari la wagonjwa. Yeye na Bwana Masoud, dereva, ndio waliokuwa wakiingia vichochoroni na machela pale gari lisipopita, wakishusha wagonjwa kwenye ngazi zetu hizi za mjini zinazomshinda hata mzima. Waliwahi kumfuata mtu aliyeanguka mkarafuuni huko Mangapwani, wakamleta hospitali yu hai. Kaki yake nilikuwa nikiipiga pasi mwenyewe, vifungo vya shaba nikivisugua kwa jivu na ndimu, na akipita barazani nikijifanya nafagia ili watu waone kuwa ni wangu.

Basi mwaka ule wazee wa mtaa wakaafikiana wawashukuru vijana hawa. Ijumaa baada ya alasiri, bustanini Forodhani, kahawa na halua, na kila mmoja avishwe koja la asumini. Sababu waliyoitoa ilikuwa moja, na niliikariri kama sura ya Kuruani: gari la Haji na Masoud halijamchelewea mtu hata siku moja. Nilitembea nayo sokoni, nikaipeleka harusini, nikaipeleka mpaka matangani, ambako watu walikuwa na yao ya kulia.

Jumatatu ya wiki ileile niko uani, nikakanyaga ganda la shelisheli, nikakaa chini kwa kishindo. Mguu wa kulia ukauma. Sisemi haukuuma, uliuma, lakini uliuma kama unavyouma mguu wa mtu aliyeteleza. Jirani yangu Bi Riziki, tunatengwa na ukuta mmoja, alisikia kishindo akaja.

"Umevunjika?"

"Sijui."

"Simama."

Nikasimama.

"Basi hujavunjika. Niegemee, twende kwa mkandaji nyuma ya msikiti, akukande na mafuta ya nazi, magharibi uko jikoni."

"Mie, bibi yake Haji, nikakandwe uchochoroni? Na gari ninalo?"

"Gari si lako, Mwanaidi. La wagonjwa."

"Na mie mgonjwa."

Bi Riziki alinitazama, akafunga kanga yake vizuri. Akasema polepole, "Binti yangu Kheri siku zake za kujifungua zimetimia, yuko Kikwajuni kwa mumewe. Nilikuwa naomba gari lile lisiwe na shughuli wiki hii."

"Haji hachelewi," nikamwambia. "Uliza mji mzima."

Akaondoka. Nami nikamwita dirishani mwenye duka la mkabala, aliyekuwa na simu, nikamwambia apige hospitali, aseme bibi yake Haji ameanguka. Nilitaka watu wa mtaa, siku nne kabla ya koja, wamuone mjukuu wangu kazini na vifungo vyake vinang'aa. Hiyo ndiyo iliyokuwa homa yangu, mguu ulikuwa kisingizio.

Kumbe ukitaka wako atazamwe, na wewe utatazamwa. Buibui langu lilikuwa na kiraka begani. Nikakumbuka shuka jipya jeupe nililoliweka sandukuni na udi, nikaona buibui niliache, nijifunike hilo gubigubi, uso usionekane wala kiraka kisijulikane. Ngazi za nyumba yangu ni kumi na nane. Nilizipanda kwa miguu yangu, nikazishuka kwa miguu yangu, kisha nikalala chini nikaugua. Nilipogeuza kichwa nikamuona Bi Riziki amesimama kwenye dirisha lake linalotazama ngazi zangu.

Haji akaingia mbio, Masoud nyuma yake na machela. Akapiga magoti akaushika mguu, akaubonyeza kwa vidole gumba, taratibu, kama anachagua papai.

"Bibi, hapa panauma?"

"Panauma."

"Na hapa?"

"Hapo ndipo pa kufia."

Akainua macho. "Bibi, mguu huu..."

"Haji, mie nimekubeba mgongoni."

Akaushusha mguu. Masoud akasema, "Kama tunakwenda twende, leo tuko na gari moja tu, la pili limepelekwa shamba." Haji akanitazama tena, akanifunika shuka mpaka utosini kama nilivyomwomba, wakaninyanyua.

Sasa kichochoro chetu mnakijua. Baraza za mawe huku na huku, zimejaa wazee wanaopunga upepo, na katikati njia ya mtu mmoja na kikapu chake. Machela haipiti ikiwa kiunoni. Ikabidi waiweke mabegani. Hebu jiulizeni wenyewe: mtu amefunikwa shuka jeupe gubigubi, yuko mabegani mwa watu, ananukia udi, na mbele ni msikiti, na msikitini watu ndiyo kwanza wanatoka kusali alasiri. Na mwanamme wa Unguja akiona jeneza hulitia bega kwanza, maswali huuliza mbele ya safari. Ndiyo thawabu yenyewe.

Nikasikia viatu vingi. Nikasikia mtu anasema "La ilaha illa Llah", na wenzake wakapokea. Machela ikayumba, ikapanda juu, ikaanza kwenda kwa kupokezana, bega hadi bega, kasi ile ya kumuwahisha maiti kaburini. Haji na Masoud walisukumwa nyuma kabla hawajageuka. Nikamsikia Haji kwa mbali, "Mgonjwa huyo, jamani, ni mgonjwa," na sauti ya mzee ikimliwaza, "Ndiyo, mwanangu, alikuwa mgonjwa. Sasa amepumzika."

Mtauliza kwa nini sikusema. Chini ya shuka nina kanga moja na kichwa wazi. Nikifunua, wanaume hamsini wananiona. Nikisema, sauti ya mwanamke inatoka jenezani, na watu watajua sauti ya nani. Nikasema moyoni, Haji atawafikia, ngoja kidogo. Kidogo ikawa hatua mia. Mmoja aliyenibeba akaomba, "Mwenyezi Mungu amsamehe, yeyote aliyekuwa." Mwenziwe akajibu huku anahema, "Mzito marehemu." (Mashelisheli hayo.)

Wakanitua uani kwa msikiti. Imamu akauliza, "Mwanamme au mwanamke?" maana kwa mwanamme imamu husimama kichwani, na kwa mwanamke kiunoni. Wakamwambia mwanamke. "Wa nani?" Hakuna aliyejua. Mmoja akasema, "Wa hospitali." Safu zikapangwa nikizisikia, nyayo kwa nyayo, nikaona nikikaa kimya tena nitasaliwa kweli na sijui hukumu yake ni ipi. Imamu akapiga takbira ya kwanza.

"Shekhe," nikasema chini ya shuka, "mie sijafa."

Sitaki kueleza mbio zile. Waliobaki ni imamu, kwa sababu miguu ilimkataa, na kipofu mmoja aliyekuwa akiuliza kuna nini. Kisha kicheko kikaanzia mlangoni, kikaenda kichochoroni, kikapanda madirishani kwa wanawake, na jina langu ndani yake. Haji akanifikia, kofia hana, kifungo kimoja kimekatika. Kabla hajasema neno akaingia tarishi wa hospitali anasukuma baiskeli, jasho linamtiririka.

"Mko wapi nyinyi? Gari nimeliona, watu hakuna. Simu imepigwa mara tatu. Kikwajuni, mzazi, mtoto amekaa vibaya na mkunga ameshindwa."

Haji aliniangalia. Hakunigombeza. Angenigombeza ningeweza kumjibu. Alisema tu, "Bibi, shuka kwenye machela." Nikashuka. Nikasimama kwa miguu yote miwili, mbele ya imamu, nimejitanda mkeka wa msikiti, na wao wakakimbia na machela, na shuka langu jeupe likiwa juu yake.

Kheri alipona. Mtoto, wa kiume, alirudishwa kwao maiti, ndani ya shuka langu. Mkunga aliniambia baadaye, wala sikumuuliza, kwamba alipotoka mwili wake ulikuwa na moto bado, yaani hakufa zamani.

Watu wa mtaa walicheka siku mbili. Wakiniona wanajifanya wananisomea talakini ya kaburini. Jumatano wakapata habari ya Kikwajuni, wakaacha kucheka, na hapo ndipo nilipotamani wanicheke.

Karamu haikuvunjwa, wazee walisema ahadi ni ahadi. Ijumaa Forodhani mikeka ilitandikwa, kahawa ikapikwa, asumini ikanukia mpaka ufukweni. Bi Riziki alikuja. Sikutegemea. Alikaa upande wa wanawake, mbele yangu kidogo, mgongo umenyooka. Haji na Masoud wakavishwa makoja. Mzee wa mtaa akasimama, akatafuta maneno yake, maana yale aliyoyaandaa yalikuwa yale yale niliyoyakariri mie, na sasa hayasemeki.

"Yaliyotokea Jumatatu ni kadari," akasema. "Lakini watu wana maneno, na mimi napenda tuyamalize hapa, ili vijana hawa wachukue heshima yao safi. Walikuwa wamembeba mgonjwa, na mgonjwa yule alikuwa na haki ya gari kama mwengine. Bi Mwanaidi, uko wapi? Tuambie, mguu ulikuwaje?"

Wanawake wote wakageuka. Bi Riziki hakugeuka. Nikaona shingo yake tu, na ningeweza kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi, amenifungulia mzee wa watu kwa mkono wake.

"Ulivunjika," nikasema. "Niliuona mfupa."

Bi Riziki akasema, kwa sauti ya kunitosha mie tu, "Ngazi kumi na nane, Mwanaidi."

Nikamtazama Haji, nikidhani atashusha pumzi, nimemwokoa. Haji alikuwa anavua koja. Alilivua taratibu, lisikatike uzi.

"Mzee, mguu ulikuwa mzima," akasema. "Nilijua tokea nilipoushika. Mimi ndiye dresa, kazi yangu ni kumwambia mtu mzima kuwa ni mzima. Nilimbeba kwa sababu ni bibi yangu na niliona haya kumkatalia. Bwana Masoud hana kosa. Tulichelewa, na aliyechelewa ni mimi."

Akavuka mikeka akaja upande wetu, na hakuja kwangu. Alichutama mbele ya Bi Riziki, akaliweka koja juu ya mkeka. Bi Riziki hakuligusa. Hakulisukuma pia. Likakaa pale, na watu wakanywa kahawa yao haraka haraka, wakaaga mmoja mmoja, halua ikabaki sinia nzima katika mwaka wa njaa.

Haji anaendelea na kazi mpaka leo, na hakuna aliyetaja tena kumshukuru. Akija kwangu anasema, "Shikamoo, Bibi," nasema, "Marahaba," na kaki anapiga pasi mwenyewe. Bi Riziki ukuta ni uleule. Namsikia akikohoa, ananisikia nikikohoa.

Nilitubu kwa Mungu, na kwa imamu nilipeleka mkeka mpya. Kwa Bi Riziki nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu alinifungulia, akanikaribisha maji, nikayanywa, na maneno niliyokwenda nayo yakashuka na maji.

Masika haya yaliyopita nikashikwa na homa, ya kweli safari hii, hata ukuta mmoja nauona mbili. Mpangaji wangu wa chini aliogopa, akaomba simu dukani. Nikasikia gari linasimama njia kuu, nikasikia hatua ninazozijua, na Haji akaingia na Masoud, machela imekunjwa. Akanigusa paji.

"Bibi, unaungua. Lala tukuchukue."

"Sibebwi mie maadamu miguu ninayo."

"Bibi, yale yamepita. Leo u mgonjwa kweli, mimi ndiye ninayesema. Utaanguka njiani."

Najua iko siku nitawekwa mabegani na watu wote wale wale, bega hadi bega, na siku hiyo sitakuwa na mdomo wa kukataa. Lakini siku ile mdomo nilikuwa nao bado. Nikavaa buibui langu lenye kiraka, nikashika ukuta, nikateremka ngazi zangu kumi na nane, moja moja, Haji nyuma yangu mikono wazi kama anayengoja kitu kidondoke. Mlangoni kwake Bi Riziki alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Aliniona ninavyoyumba. Akausogeza ungo wake, nipate pa kupita.

"Bibi, nakuomba," Haji akasema.

"Sibebwi mie maadamu miguu ninayo."