Pikipiki Iliyokataa Kunibeba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, pikipiki ilinikataa mbele ya watu. Ilikataa mimi peke yangu, wengine haikuwa na maneno nao. Cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka, lakini wakati huo ilikuwa karibu inivunjie ndoa.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, wakati hapa Busia boda boda ilikuwa bado ni baiskeli yenye kiti ya sponji nyuma. Ukiona mtu ako na pikipiki, jua ni padri ama afisa wa kilimo. Sasa babu yako, huyu Barasa unayemuona pale amelala na mdomo wazi, akanunua moja kutoka kwa afisa aliyekuwa anastaafu. Ilikuwa nzee lakini ilikuwa na adabu. Unaipiga teke kidogo, inaamka. Mimi nilikuwa nimeolewa juzi tu, nauza samaki wa kukausha, na kazi yake ilikuwa kunipeleka soko ya Malaba. Kikapu tunafunga kwa keria ya chuma kule nyuma kabisa, mimi nakaa kwa kiti nikimshika bwana kiuno. Ai, mwanangu. Hata bibi ya chifu nilikuwa namuona ni mtu wa kawaida.

Lakini wanasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kule Malaba kulikuwa na jamaa anauza vitu ya pikipiki kutoka ng'ambo, amevipanga juu ya gunia. Barasa akapita hapo, macho ikamponza. Akatoa vile vyuma vidogo vya zamani vinavyogusana ndio plagi ipate moto, akaweka kiboksi cheusi, ati hiyo ndiyo ya kisasa, haitaki kusuguliwa na msasa kila wakati. Akaweka taa kubwa kama sufuria. Akaweka honi ya kufukuza ng'ombe. Vyote kwa siku moja, yeye mwenyewe, na spana ya kuazima. Waya zikabaki nyingi, akazisukuma chini ya kiti vile mtu anaficha nguo chafu akisikia wageni wamefika.

Jioni akaijaribu, ikaimba. Taa ikamulika mpaka kwa jirani. Asubuhi mimi nikapanda, tukafika kwa lile shimo karibu na kanisa, ikazima.

Nikashuka. Akapiga teke, ikawaka. Nikapanda, ikaenda kidogo, ikazima. Nikashuka, ikawaka tena kama mtoto aliyekuwa anangojea mgeni aondoke.

Hapo ndipo kichwa ya kila mtu ikaanza kuzunguka. Barasa akasema ni petroli, kwa sababu hiyo ya mpakani walikuwa wanaichanganya na mafuta ya taa. Akamwaga, akaweka ingine. Ikazima. Akatoa plagi akasugua. Ikazima. Akapeleka kwa fundi Busia, fundi akapuliza kabureta, akasema pengine ni hiyo taa kubwa inakula moto, akaing'oa. Akaiendesha mwenyewe mpaka stendi na kurudi, akasema, boss, hii iko sawa. Na ilikuwa sawa kweli. Barasa anafika nayo nyumbani inanguruma vizuri, mimi nikikaa tuende kidogo, inakufa. Kikapu peke yake pale kwa keria kilikuwa kinafika Malaba bila shida. Samaki waliokufa walikuwa na bahati kunishinda.

Hata mimi nilichanganyikiwa. Nikafikiri ni leso, nikabadilisha leso. Nikakaa upande vile wamama wa kanisa wanakaa, ikazima. Nikakaa kama mwanaume, ikazima, na hiyo siku watu wakaongea zaidi. Asubuhi moja nikatoka nje peke yangu nikaisalimia. Kweli kabisa, niliisalimia, nikaiuliza kama nimeikosea. Mtu akikosa kuelewa kitu, mwanangu, hawezi kukosa kufanya ujinga.

Basi maneno ikaanza. Wenzangu wa sokoni wakasema huyu bibi ya Barasa amekuja na kitu kutoka kwao. Pasta akaja kuomba, na mkono akaweka kwa kichwa yangu, si kwa pikipiki. Mnyonge hana haki. Barasa alikuwa kijana mzuri, lakini masikio yake yalikuwa laini. Akaniambia polepole, niende kwa mama nikapumzike kidogo. Mwanamke akiambiwa akapumzike kwao, anajua ameambiwa nini.

Tukaenda kwetu Chakol. Yeye kwa pikipiki na nguo zangu kwa keria, mimi nyuma kwa miguu, nakula vumbi. Anaenda, anasimama kuningoja, anaenda.

Mama yangu, sisi Wateso tunaita toto, alituona tukitokea hivyo, akaingia ndani mbio. Mama mkwe hakai uso kwa uso na mkwe wake, hiyo unajua. Kiti ikatolewa, Barasa akakaa nje kando ya ukuta. Toto akakaa ndani kando ya dirisha. Mimi nikasimama kwa mlango kama posta. Toto ananiambia mimi nimuulize, na amesema kwa sauti mpaka mbuzi wa jirani wamesikia. Barasa ananijibu mimi, na toto ameshasikia. Baba alikuwa ameshakufa, kwa hivyo kesi ilikuwa ya hapo kwa dirisha.

Barasa akaeleza yote. Toto akasema, "Muulize mkwe wangu, kuna mtu mwingine amejaribu kukaa hapo?"

Barasa akasema hapana, na nani angekubali.

"Mwambie kuna gunia ya muhogo kavu kando ya ghala. Aiwashe hiyo kitu yake, aikalishe gunia mahali ulikuwa unakaa."

Barasa akaniangalia. Lakini utakataa neno la mama mkwe ukiwa ndani ya boma yake? Akapiga teke, ikanguruma. Akabeba gunia, akaiweka. Ikaendelea kunguruma. Nikasema basi, kumbe ni mimi kweli.

"Mtoto wangu hakuwa anabebwa kama yai," toto akasema. "Mwambie atingishe, vile barabara inatingisha."

Akatingisha gunia. Ikazima.

Akaitoa, akapiga teke, ikawaka. Akairudisha, akatingisha, ikazima. Halafu toto, safari hii kwa sauti ya chini, akasema, "Sasa mwambie hilo gunia pia alirudishe kwao, shambani."

Barasa akaweka gunia chini. Toto akaongeza, "Wamesugua plagi, wamemwaga mafuta, wameombea mtoto wangu. Kiti hakuna mtu aliinua."

Barasa akakiinua. Ile waya ya kuzima pikipiki, ile inatoka kwa kiboksi kipya, ilikuwa imebanwa na chuma ya kiti upande wa nyuma, pale mimi nilikuwa nakaa. Mpira wake umeliwa, shaba inaonekana. Mtu akikaa hapo nyuma, barabara ikitingisha, kiti inashuka, waya inagusa chuma, na waya hiyo ikigusa chuma moto wa plagi unakatika. Kikulacho ki nguoni mwako. Barasa akakata kipande cha tyubu, akaifunga, akaisogeza mbali na chuma. Halafu akatoa nguo zangu kwa keria, akanipea mkononi, akasema, "Panda." Kwa lile shimo la kanisa nilifunga macho. Tukapita.

Sasa nimeona na wewe umefunga mataa mapya kwa pikipiki yako, yanawaka kama disko. Sikukatazi. Lakini weka kimoja, ukijaribu, ndio uweke kingine. Kikiharibika, anza na kile ulishika mwisho. Na ukikijaribu, kijaribu na mzigo wake, kwa sababu kitu bila mzigo kila siku iko sawa. Hata nyumba yako ni hivyo. Mambo ikikwama ukaona ni kosa ya mwenzako, usimfungie nguo. Tafuta gunia kwanza, uikalishe mahali pake. Halafu uinue kiti.

Mungu akulinde kwa kila shimo la barabara, mwanangu. Moto wako usizime ukiwa umebeba mtu, na huyo uliyeondoka naye, ufike naye.