Swali la Kumuuliza Mkwe

Niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetaka maneno mazito akamtafute mwenye digrii. Mimi nina jambo moja tu: jinsi nilivyofundishwa kumuuliza mtu kama anataka kujiua, na jinsi nilivyokwenda kumuuliza mtu ambaye kwa mila zetu sitakiwi hata kumtazama.

Kwanza nitaje wahusika. Miaka mingi iliyopita mimi mwenyewe nilijaribu kujiua. Sikufa, na kuna waliochukia. Walionifikisha pale nawajua. Wa kwanza ni mume wangu, aliyehamia Murongo kwa mwanamke muuza mitumba wa mpakani, akaniachia watoto watatu na mama yake. Wa pili ni huyo mama yake, aliyewaambia majirani kwamba mwanamke anayejua kupika haachwi. Wa tatu ni katekista wetu, aliyekuja baadaye kuongezea. Nilipotoka hospitali alikuja, akasimama mlangoni na kofia yake kichwani, akasema dhambi ile haiombewi, akaondoka. Majina siandiki. Wakisoma watajijua, kama wanajua kusoma.

Sasa mwaka jana tukaitwa ukumbi wa kanisa, huku kwetu Rugu, kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza. Nilidhani tutafunga bandeji. Kusema kweli nilifuata pilau. Mwalimu alikuwa binti mdogo wa mjini, amekuja na viatu vyeupe kwenye tope letu jekundu, nikamwonea huruma. Akasema huduma hii ni ya mtu anayefikiria kujiua. Ukumbi mzima ukaanza kukohoa kama tumevuta moshi wa kuni mbichi.

"Mnamuuliza waziwazi," akasema. "Kumuuliza hakumpi wazo ambalo hana. Kama analo, anapata pa kulitua."

Akatupanga wawili wawili tujaribu. Mimi nikapangwa na nani? Katekista yule yule, sasa mzee, meno ya kuhesabu. Akaanza yeye. Akanisalimia, akauliza habari za nyumbani, za wajukuu, za migomba, za mbuzi, za mvua. Binti akamgusa bega.

"Baba, swali."

"Ndiyo nalikaribia." Akakohoa. "Mama, wewe huwezi kufanya ule ujinga, si ndiyo?"

"Hapo umeshamjibia, baba. Atasema hapana na atakwenda zake. Na usiuite ujinga."

"Sasa niuite nini?"

"Uite jina lake."

Ikafika zamu yangu. "Mzee, unafikiria kujiua?" Nilisema kwa sauti kubwa, na nilisema kwa raha. Watu wakacheka.

"Mama, taratibu," binti akasema. "Umemuuliza kama polisi."

Katekista hakucheka. Akaniinamia: "Siku ile mlangoni kwako nilitakiwa kukuuliza hivi."

"Siku ile ulikuwa na haraka. Kunywa soda yako."

Sikumsamehe. Kusamehe hakukuwa kwenye ratiba ya mafunzo.

Hazikupita wiki mbili, binti yangu aliyeolewa Mabira akanipigia simu. Mnyauko, ugonjwa unaoua migomba, ulikuwa umeingia kwenye kibanja chao, wakaambiwa migomba yote ing'olewe. Mume wake akang'oa kila shina, hata yale ya babu yake, kwa mikono yake. Tangu hapo hali chakula, hasemi. Halafu akaanza kugawa vitu: redio, jembe jipya, koti la kwendea kanisani.

"Mama, anashukuru watu kana kwamba anasafiri."

Mhusika pale ni kaka mkubwa wa mkwe wangu, jirani yao, ambaye kila akipita alimpigia kelele kwamba mwanaume halilii ndizi.

Nikamwambia binti yangu asimwache peke yake, hata chooni amfuate, na kila kitu cha hatari akipeleke kwa jirani mwingine. Nikapanda boda.

Mila yetu ni hii: mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Miaka sita kijana yule nilimjua kwa kikohozi. Na sasa hata migomba ya kujifichia haikuwepo.

Nilikaa sebuleni, yeye chumbani, binti yangu mlangoni akipokea maneno na kuyapeleka.

"Mwambie mama shikamoo."

"Mwambie marahaba. Muulize anaendeleaje."

"Mwambie mama niko salama."

Binti yangu akageukia ukuta akaanza kulia. Nikaona kwa njia hii ya posta mtu atakufa barua ikiwa njiani. Nikajitanda kanga mpaka usoni, nikaingia, nikaketi chini nimempa mgongo. Nikasikia kigoda kinasogea.

"Kaa. Sikuoni."

"Mama, ni mwiko."

"Mwiko nimevunja mimi, wewe umekaa tu. Mkwe wangu, unafikiria kujiua?"

Kuku akaingia, akatutazama, akatoka. Tulifundishwa kunyamaza, na kwa mdomo wangu huu hilo ndilo somo lililonishinda zaidi.

"Ndiyo, mama."

Nilitaka kumwambia una watoto, una mke, Mungu anakuona. Yote hayo niliambiwa mimi, na hakuna hata moja lililonisaidia. Nikauma kanga.

"Nieleze."

Akaeleza. Kwamba sasa kila mpita njia anaona mpaka ndani ya nyumba yake. Kwamba kila akifunga macho anamsikia kaka yake. Aliongea mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Nikamwambia hata mimi nilifika huko, na kwamba leo tunakwenda zahanati wote watatu. Akasema sawa, kwa sauti ndogo.

Tulipotoka, kaka mtu alikuwa uani. "Maajabu! Mama mkwe chumbani kwa mkwe!"

"Ukimtajia ndizi tena," nikamwambia, "nahamia kwako."

Njiani ilikuwepo pikipiki moja tu, ikabidi mshikaki: dereva, mkwe wangu, binti yangu katikati kama ukuta, mimi nyuma nimekalia chuma. Dereva akaushuka mteremko kama anayefukuzwa, mashimo yote akayapitia. Nikasikia mkwe wangu anapiga kelele, sauti kali ambayo kwa miaka sita sikuwahi kuisikia:

"Wewe! Punguza mwendo, unataka kutuua?"

Mgongo wa binti yangu ukaanza kutikisika. Nikadhani analia tena, kumbe anacheka. Dereva akapunguza.