Vifungo vya Ng'ombe wa Mama Mkwe

Mie ni dresa wa zahanati huku Kisarawe, na kujidai nakuweza kuliko kufunga vidonda. Juzi nilikwenda Janga kuwaamkia wakwe, nikakuta ng'ombe wa mama mkwe amezaa, kondo la nyuma limetoka. Lilijaa vinundu kama vifungo vya koti. Hakuna aliyeniuliza kitu, lakini nikasimama.

"Mimba yoyote hujichimbia ukutani mwa tumbo la uzazi mahali pamoja," nikawaeleza. "Kondo lake huwa moja, duara kama chapati. Haya ni majipu. Maziwa yake msinywe."

Mama mkwe alikuwa ameshainjika dang'a, yale maziwa ya kwanza. Mkwe habishiwi, basi akayamwaga yote, wajukuu wakitazama.

Alasiri mbuzi wake naye akazaa, hatua chache kutoka kwenye mkeka wangu. Kondo likatoka na vifungo vilevile. Ndipo nikaelewa kwamba hawa mimba zao hujishikiza sehemu nyingi, si kama zetu.

Mama mkwe akajifunika mdomo kwa kanga.

"Mkwe wangu, na ya huyu niyamwage, au basi?"