Sanda ya Kwenda Kindu

Juzi, katika duka la kusafirisha mizigo hapa Balad, mtaa wa kale wa bandari ya mahujaji, mama mmoja wa Kongo, mtumishi wa nyumba katika mtaa wa Aziziya, aliweka mezani sanda aliyoichovya katika maji ya Zamzam. Ni ya mamaye, mgonjwa aliyeko Kindu.

"Mpaka Bukavu itafika kwa ndege," alisema karani, mzee wa Kiunguja. "Kisha?"

"Kisha baiskeli mpaka Kindu, baba. Barabara ya malori ilikufaka na vita." Akaipapasa sanda. "Zamani mama alipanda lori pale na kuku wake, wakaimba njia nzima mpaka nyumbani."

"Na mama akiitangulia sanda hii, mwanangu?"

"Nilimwuliza kwa simu, akacheka: 'Ile barabara naijua. Nitaingoja sanda yangu.'"

Barabara mbovu zimewaua wengi. Mgonjwa huyu, kwa idhini ya Mola, moja imempa sababu ya kuishi.