Kiti cha Babu Mlangoni mwa Kliniki

Harufu ya spiriti ilipochanganyika na ya majani ya migomba yaliyolowa mvua, sisi watoto wa vilima vya Rungwe tulijua kwamba siku ya kliniki imefika. Landrova ya hospitali ya misheni ilipanda mlima ikinguruma, matope yameifunika hadi madirishani, na kabla injini haijazimwa akina mama walikuwa wamekwisha kujipanga barazani mwa kanisa. Mizani ilining'inizwa kwenye boriti, ndani ya kanisa. Mtoto alivalishwa kaptula ya turubai, akaachwa akibembea hewani na kulia kama aliyedhulumiwa shamba. Hospitali ile haikuwa ya serikali wala ya mfanyabiashara. Iliamua kwamba kama mgonjwa hawezi kutembea siku nzima kuifuata, yenyewe itamfuata, na sikumbuki mtu aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya mfuko mtupu. Nalitanguliza hilo kwa kuwa ni haki yao, na kwa kuwa nitakayoyaeleza hayakusudii kuwabeza.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mzee wa kanisa, na wale wageni walitaka kumheshimu. Wakampa kiti mlangoni na kazi ya kuita majina. Aliifanya kwa sauti ya mahubiri, huku akitaniana na muuguzi mkuu, mama mmoja Mhehe wa Iringa tuliyemwita Sista.

“Ninyi mkikosa ndizi siku mbili, mzee, mnaandika wosia,” Sista alimchokoza.

“Afadhali sisi tuna cha kuandika,” Babu alijibu. “Mhehe akifa anarithisha nini? Baridi?”

Baraza zima lilicheka. Ila wake wa wanawe, mama yangu miongoni mwao, hawakuwapo kucheka. Kwetu Wanyakyusa, kwa kadiri nilivyolelewa, mke hakutani na baba wa mumewe. Akimwona njiani huchepuka na kujifunika kichwa; hatamki jina lake; naye mkwe hamtazami wala hamuulizii. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na mama aliishika kwa unyenyekevu ambao hata sasa ukinijia moyoni hunilainisha. Basi kile kiti, kilichowekwa kwa nia njema, kiliwafungia mlango wanawake wa nyumba ya aliyekikalia. Kanisa lilikuwa na mlango huo mmoja tu. Babu hakujua, kwani kwa adabu yake aliinamisha macho kila mwanamke kijana alipopita. Asingeweza kuwatambua waliofika, seuze waliokosekana. Alipoita jina la mtoto wa kwetu, mtu mwingine aliitika kwa niaba ya mama yake, naye akadhani wamepita. Sista hakujua, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye daftari lake, mbele ya jina la mdogo wangu, Sista aliandika maneno mawili: mama mzembe.

Mdogo wangu alikuwa hajaanza kutambaa alipopatwa na kuhara. Siku ya tatu utosi wake ulikuwa umebonyea, na alipolia hakutoa machozi. Siku hiyo ndipo gari lilipokuja. Mama alimbeba hadi migombani, chini kidogo ya kanisa, akasimama pale mvua ikimtiririkia, akitazama lile baraza kama mtu aliyefika mtoni daraja likiwa limechukuliwa. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Alimfunga mtoto mgongoni mwangu na kusema, “Nenda, mama. Waambie amekataa kunyonya.” Mikono yake ilichelewa kuliachia fundo la kanga.

Nilimpita Babu, nikasimama mbele ya Sista. Alimshika mtoto, akamvuta ngozi ya tumbo, na uso wake ukabadilika.

“Mama yako yuko wapi?”

“Yuko migombani.”

“Mtoto yuko hivi, yeye yuko migombani! Anavuna?”

 Kujibu kulikuwa kumshitaki Babu mbele ya kanisa zima, naye alikuwa hatua tatu kutoka niliposimama. Sista akageukia daftari. Nilikuwa najua kusoma, na niliyaona yale maneno mawili.

“Mama si mzembe!” nilipiga kelele. “Babu amekaa mlangoni!”

 Babu hakunikemea. Aliinuka polepole, akakibeba kiti chake mwenyewe, akakohoa kwa nguvu mara tatu ili aliye mbali asikie kwamba anaondoka, kisha akashika njia ya juu pasipo kugeuza shingo upande wa migomba. Alikuwa hajafika kwenye kona mama alipotokea mbio, kanga imemgandama mwilini. Sista akampa kijiko na kikombe cha maji yenye chumvi na sukari, akamwonyesha namna ya kumnywesha kidogo kidogo. Gari, ambalo desturi yake ilikuwa kuondoka mchana, lilikaa hadi alasiri. Mtoto alipolia na chozi likaonekana, mama naye akalia, na Sista akamfuta uso kwa koti lake jeupe. Kisha akayakata yale maneno mawili kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika: kosa letu. Kuanzia mwezi uliofuata, Babu aliombwa kuipokea Landrova kule chini darajani. Aliifanya kazi hiyo kwa fahari zaidi kuliko ile ya kwanza.

Leo nimestaafu baada ya kutumikia masjala ya serikali Iringa, na ninaishi Soweto, hapa Mbeya. Mdogo wangu ana wajukuu. Hospitali za namna ile zina mashine ambazo Sista hakuziota, na huduma zao za mkoba, zinazowafuata wagonjwa kwao, hufika hadi bondeni Usangu, kwa wafugaji waliohamia kutoka kaskazini. Nashukuru kwa dhati, na nimekubali kuwa mjumbe wa kamati inayowashauri. Hata hivyo, hivi karibuni nililetewa taarifa nitie saini, iliyosema kuwa akina mama wa kijiji kimoja cha wafugaji hawaleti watoto “kutokana na mwamko mdogo”.  Nilimuuliza kijana aliyeiandika ni mama gani aliyemwambia hivyo. Hakuwa na jina hata moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na karatasi ya serikali au ya misheni haipati ukweli kwa kupigwa muhuri. Nikamrudishia.

“Sasa mama, tuandike nini?” aliuliza kwa upole.

“Andika kwamba hatujawauliza,” nilimjibu. “Kisha mwambie dereva aweke mafuta ya kutosha. Nami nakwenda.”