Dakika Nane za Mzee Bundala

Nyuma ya stesheni ya Malampaka jioni siku hizi ni kimya. Zamani ungemsikia Mzee Bundala, fundi mstaafu wa redio za reli, akikiita kituo cha wanaanga kinachoizunguka dunia. Alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, ya kuzungumza na watu wa mbali kwa kujifurahisha, na swali moja: kutoka huko juu, mashamba yetu ya pamba yanaonekana?

Aliita miezi saba. Siku mwanaanga mmoja alipomjibu, kituo kilikuwa na dakika nane tu kabla ya kupotea upeoni. Bundala akamwamkia. Akamuuliza habari za wazazi, za watoto, za mvua ya kwao, za ng'ombe. Yule mama mwanaanga akacheka, akajibu zote, naye akauliza za Malampaka. Kisha sauti ikafifia.

"Na swali lako, baba Lukresia?" mkewe, Ng'washi, akamuuliza.

"Ningeanzaje na swali, hatujasalimiana?"

"Mwenzio keshavuka bahari."

"Kavuka akijua tu wazima."

Hakumpata tena. Sasa Bundala na mkewe wanaishi Bariadi kwa binti yao Lukresia, na antena yake ya redio imefungwa huko huko, juu ya paa la jiko.