Ukurasa Uliofungwa kwa Uzi

Fundi anayechapa fulana za mashabiki hapa Ruangwa huosha wino kwa mafuta ya taa. Harufu ile hunirudisha Nachingwea, kwenye chumba cha mzee Mjerumani aliyehamia nchini enzi za ukoloni, akichapa vitabu.

Yeye ndiye aliyepanga hadithi ya bibi yangu kwa herufi za madini ya risasi, moja moja, bibi akisimulia. Akaufunga ukurasa kwa uzi usitawanyike, akisubiri karatasi. Bibi akafa, na mzee naye akafuata. Mwenye nyumba aliyompangisha akaja na mizani, auze herufi kama chuma chakavu.

“Hayo ni maneno ya mama yangu,” mama alimwambia. “Tuachie.”

“Dada, mimi nauza kwa kilo. Hadithi kasimulianeni jikoni.”

Nikainama, nikasoma kwa sauti kutoka kulia kwenda kushoto, kama mzee alivyonifundisha, maana herufi za kuchapia hukaa kinyume: “Bibi harusi akamwuliza mumewe, mbona una mkia...”

Mwenye nyumba akacheka, akaukata uzi. Herufi zikamwagika guniani. Mstari mmoja tu zaidi, wenye jibu la mume, hakuweza kuusubiri!

Nimewauliza wazee wa vijiji vya Nkowe na Nandagala mume alijibu nini. Kila mmoja ana jibu lake. Hakuna mwenye la bibi.